Sauti ya Kumlaza Mtu

4 Februari

Binti wa kaka yangu,

Bahasha yako imefika salama kwenye ofisi ya mabasi, nami nimeipokea kwa mikono miwili ingawa salamu zilizokuwemo zilikuwa mistari mitatu. Mistari mitatu, mwanangu, kutoka kwa mtu aliyeondoka bila kuniaga, habari zake nikazipata kwa muuza duka nilipokwenda kununua sabuni! "Kumbe binti yenu ameenda kuimba," ananiambia, na mimi nimesimama pale na sabuni mkononi kama mtu aliyesahau njia ya kwake. Hilo sijalisahau, na nakuandikia ili ujue sijalisahau. Sasa tuendelee.

Sisi wazima. Goti langu linanisumbua kwenye ngazi tu. Kituo kimejaa, watoto ishirini na wanane, na nimebandika tangazo mlangoni kwamba nafasi hakuna ili wazazi waache kunibembeleza. Unakumbuka nilianza na wanne, sebuleni kwangu, kochi nimelisukumia uani likanyeshewa? Hakuna aliyenipa hata kijiko. Leo nina vyumba vitatu, wasaidizi wawili, na kila mtoto ana kikombe chake. Baba yako amenitengenezea rafu mpya ya viatu. Seremala ni seremala hata akinuna. Hajambo, kama ungeuliza.

Umeomba niwapigie watoto nyimbo zenu za katuni ya Miba kabla albamu haijatoka, nikueleze ukweli. Umesema wenye studio hawataki zipite kwenye simu zisije zikavuja, ndiyo maana zimepanda basi ndani ya kiflashi kidogo kama jino. Sawa. Ukweli wangu unaujua, hauna sukari.

Nilipotamka tu jina la Miba, nusu ya watoto walisimama juu ya viti. Kila mtoto hapa anaye Miba: kwenye begi, kwenye chupa ya maji, kwenye soksi. Jumamosi asubuhi katuni ikianza, mtaa mzima unanyamaza. Na mimi naitazama, sifichi. Nungunungu mdogo anayetaka kukumbatiwa na kila mtu, na kila mtu anamkimbia! Aliyebuni kitu hicho amewahi kukaa na watoto.

Wimbo wa kunawa mikono ni mzuri kiasi kwamba nimeuiba, nauimba nikikosha vyombo. Watoto walikwenda bombani bila kusukumwa, jambo ambalo halijawahi kutokea hapa. Ule wa kinyonga aliyesahau rangi yake una shida. Una kasi kuliko tumbo la mtoto aliyetoka kula. Walizunguka, wakazunguka, sita wakaanguka, mmoja akarudisha maziwa yote kwenye viatu vya msaidizi wangu. Upunguzeni mwendo, au muandike kwenye jalada: usipigwe baada ya chakula.

Halafu ule wa mwisho, mama yake Miba anapotaka kumkumbatia mwanawe na miiba haimruhusu, basi anamwimbia:

Mikono yangu haifiki,
miiba yako yanichoma,
lala, mimi nipo hapa,
nakukumbatia kwa sauti.

Niliuweka saa ya watoto kulala mchana. Tunaye binti mmoja tunamwita Mlinzi, kwa sababu tangu aletwe hapa hajawahi kufumba jicho mchana. Hukaa juu ya godoro lake akiwalinda wenzake. Ubeti wa pili haujaisha, Mlinzi kalala, mdomo wazi. Msaidizi wangu alikwenda kuhakikisha kwamba anapumua.

Anayeimba ni wewe. Usijisumbue kunidanganya, nimekutambua kabla ya neno la kwanza kuisha. Ila katikati unakohoa, unasema, "Subiri, tuanze upya," kisha unaanza upya. Hiyo mmeiacha makusudi?

Shangazi yako, anayestahili zaidi ya mistari mitatu.


19 Februari

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Barua hii nimeipangia mistari hamsini kabla sijaiandika. Pole kwa goti. Hongera kwa kituo kujaa, ingawa hainishangazi. Nakumbuka lile kochi uani, tulilichezea mpaka likatoa springi.

Naomba radhi kwa habari ya duka. Asubuhi ile nilikuja kukuaga. Nikakukuta unamvua mtoto mmoja viatu huku mwingine anakulilia begani. Nikaona nikifungua mdomo nitalia na mimi, utakuwa na watatu. Nikapita.

Sasa nikuonyeshe ninakofanyia kazi. Ni chumba juu ya gereji ya pikipiki, unapanda kwa ngazi za chuma. Kutani tumebandika sponji za magodoro, dirishani tumetundika blanketi. Tukianza kurekodi feni inazimwa kwa sababu kipaza sauti kinaisikia, kwa hiyo nyimbo za watoto unazozipenda tunaziimba tukichuruzika jasho kama wabeba mizigo. Shida yetu kubwa ni mlango. Umepinda, haukai kwenye fremu, na kila pikipiki ikiwashwa huko chini inaingia kwenye wimbo. Fundi mitambo wetu, tunamwita Masikio, hukaa sakafuni na hedfoni kichwani akiuegemea kwa mgongo. Ndivyo albamu inavyorekodiwa, Shangazi. Kwa mgongo wa Masikio.

Na unamjua anayetoa sauti ya Miba? Ni mama mtu mzima, mwenye wajukuu, sauti yake nzito akikulalamikia bei ya nyanya. Lakini akivaa hedfoni anakunja mabega, anasimama kwa ncha za vidole, anakuwa mtoto. Mara ya kwanza nilichungulia nyuma yake kumtafuta huyo mtoto. Kila siku nikimwona nafurahi kwamba niko chumba kimoja na mtu anayejua kazi yake namna ile. Usiwaambie watoto.

Kinyonga tumempunguza mwendo. Habari za maziwa na viatu zimesomwa mbele ya wote na zimepigiwa makofi.

Kuhusu ule wimbo wa kulala, hiyo ni sauti ya mfano tu. Mtunzi huimba kwanza ili mwimbaji mwenyewe ajifunze, kisha inafutwa. Nilikosea, nikaanza upya, nikajua haitasikiwa na mtu. Sikujua Masikio ameitia kwenye flashi. Atakayeuimba ni yule nyota ambaye hata wewe unayesema husikilizi redio unamjua. Yangu naomba uifute.

Msalimie Mlinzi, na wote waliopo hapo nyumbani.

Mwanao.


10 Machi

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa ajili ya kuhesabu mistari. Arobaini na saba. Mitatu nimekusamehe, na lile la duka pia nimeanza kulisamehe, usiniharakishe.

Goti limetulia. Msaidizi wangu mdogo amechumbiwa, kwa hiyo anavunja vikombe.

Umesalimia "wote waliopo hapo nyumbani." Nikageuka huku na huku kuwatafuta hao wote. Hapa niko mimi, na kuna mtu mmoja ambaye kalamu yako inamruka kama watu wanavyoruka dimbwi. Basi nikupe habari za dimbwi.

Flashi yako ilipofika, baba yako alikuja kupima mahali pa kuweka kabati jipya. Ilikuwa saa ya kulala, nikaweka wimbo. Alikuwa na penseli sikioni na futi mkononi. Futi ilibaki wazi mkononi mwake mpaka wimbo ukaisha. Sikumwambia anayeimba ni nani. Hakuuliza. Ndiyo maana najua anajua.

Kesho yake akaja saa ile ile, eti mlango wa chumba cha kulala unapiga kelele. Haupigi. Akatoa bawaba, akazipaka mafuta, akazirudisha. Siku iliyofuata akasema umelegea. Iliyofuata akasema umekaza mno. Sasa hakuna mlango duniani uliotengenezwa kama ule wangu. Anafika wimbo ukianza, anaondoka ukiisha, na nyundo haijatoka kwenye kisanduku. Nilimsomea barua yako, ile sehemu ya mlango wa studio uliopinda. Akasema, "Fremu ndiyo mbovu, si mlango."

Kuifuta siifuti, na hata nikitaka nimechelewa. Watoto wameshaihifadhi kichwani. Ikifika pale unapokohoa, walio macho wote wanainua kidole na kusema pamoja, "Subiri, tuanze upya!" Kisha wanajilaza vizuri zaidi. Wanadhani ni sehemu ya wimbo. Na hawaishii hapo. Mtoto akimwaga maji: subiri, tuanze upya. Wawili wakigombania gari, wanaliweka chini: tuanze upya. Mama mmoja amenishika mkono mlangoni akanishukuru kwa malezi. Anasema mwanawe amemwaga mchuzi kwenye shati la baba yake, akawaambia wote wawili waanze upya, nao waliokuwa wameanza kufokeana wakacheka. Sifa hizo nimezipokea kwa niaba yako, nikasema tunajitahidi.

Wewe ni mtu wa ajabu. Unaweza kutengeneza kitu kama hicho halafu unaniomba nikifute.

Shangazi.


2 Aprili

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Natumaini goti bado limetulia na vikombe vilivyobaki ni vingi. Mimi mzima, nimekonda kidogo, usianze.

Nyota alikuja. Nilidhani ataingia na watu sita nyuma yake. Aliingia peke yake, kandambili miguuni, chupa ya maji ya moto mkononi, akamsalimia Masikio kwanza kabla ya mkurugenzi wetu. Akauliza mtunzi ni yupi. Nikanyoosha mkono kama niko darasani. Akaniuliza, "Huyu mama yake Miba, ana huzuni au amechoka tu?" Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikamwambia amechoka tu. Akasema, "Afadhali. Huzuni nimeshaiimba sana."

Aliimba mara moja. Sisemi zaidi. Masikio alisahau kuegemea mlango, na chini hapakuwashwa pikipiki hata moja, nadhani nao walikuwa wanasikiliza. Mimi niko kwenye kona, nikajiambia hivi ndivyo wimbo wangu ulivyotakiwa kuwa, nami nilikuwa nauvalisha matambara.

Nakutumia flashi ya pili, nyimbo zote zimekamilika. Jina lake litakuwa juu ya jalada, kubwa. Tafadhali wapigie watoto hizi, na ile ya zamani usiipige tena.

Nimefurahi kusikia kwamba mmepata kabati jipya.

Mwanao.


21 Aprili

Mwanangu,

Nimekuandikia ukurasa mzima juu ya mtu, umenijibu kabati. Haya. Kabati halijambo, linakusalimu.

Nianze na yanayostahili sifa, maana ni mengi. Albamu hii ni kazi ya watu wazima waliowaheshimu watoto. Hakuna mahali mmewadanganya. Kinyonga sasa anakwenda mwendo wa kistaarabu, wanazunguka na hakuna anayeanguka isipokuwa wanaotaka kuanguka. Ule wa jino lililong'oka umemfanya mtoto mmoja aliyeficha jino lake mfukoni kwa aibu alitoe na kulizungusha kwa wenzake kama mshindi. Mimi nimetafuta kosa, unanijua, na nimekuta mawili matatu ya kijinga yasiyostahili wino. Nimejivuna mbele ya wasaidizi mpaka wakaanza kutazamana.

Sasa wimbo wa kulala. Huyo nyota anaimba, nisiwe mwongo. Vinyweleo vilinisimama. Msaidizi mchumba alilia, ingawa siku hizi hulia hata akiona mapazia dukani. Lakini watoto hawakulala. Walisikiliza! Wote wamekaa wima juu ya magodoro, macho wazi, kama watu waliolipa kiingilio. Na mtu akiimba vile mbele yako utalalaje? Utakuwa umemkosea adabu. Ilipofika pale pao wakainua vidole, "Subiri, tuanze upya," wakangoja. Nyota akaendelea zake. Mlinzi akanigeukia: "Yule mwingine ameenda wapi?"

Nimeurudia wiki nzima. Nimebadilisha pazia, nimewalisha mapema, nimetembea kwa soksi. Wanaolala ni watano, na wawili kati yao walikuwa na homa.

Na mlangoni, siku ya kwanza, palikuwa na mtu mwenye bisibisi. Wimbo ulipoanza aliinua kichwa. Akasikiliza mstari mmoja. Akasema, "Siye." Akakusanya vyombo vyake akaondoka, mlango ameuacha na bawaba moja sakafuni. Hajarudi tena. Ndilo neno pekee alilolisema juu ya jambo hili, nami nimeona nikuletee kama lilivyo.

Sasa nakuuliza, na usinijibu kabati. Kwa nini unataka sauti yako ifutwe? Usiniambie ni kwa sababu ya nyota. Nimelisha watoto wa watu maisha yangu yote. Anayesukuma sahani kwa kuwa ameshiba namjua, na anayesukuma kwa kuwa kuna mtu aliwahi kumfokea mezani namjua pia.

Shangazi.


17 Mei

Shangazi, shikamoo.

Nimechelewa. Nimeianza barua hii nikaichana, nikaianza nikaichana, mpaka Masikio akaniuliza kama natengeneza vikaratasi vya kurushwa harusini.

Umeuliza, nakujibu. Siku niliyosema nyumbani kwamba naacha chuo cha uhasibu hukuwepo. Alikuwa anakula. Aliweka kijiko chini akasema, "Na sauti yenyewe ya kumlaza mtu." Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningemjibu, ningelia, tungepatana. Alisema taratibu, kama mtu anayetaja urefu wa ubao. Akaendelea kula. Asubuhi nikaondoka. Tangu siku hiyo, nikisimama mbele ya kipaza sauti nasikia kile kijiko kikigusa meza. Ndiyo maana natunga, wengine wanaimba.

Barua yako nilimsomea Masikio ili acheke, pale kwenye watoto wenye homa. Hakucheka. Aliinyakua akaipeleka kwa mkurugenzi. Mkurugenzi akasema haiwezekani, jalada limeshachorwa, jina la nyota limeshawekwa. Nyota mwenyewe alikuwepo, amekuja kumalizia kiitikio. Akasema, "Nipigieni hiyo ya mfano." Nikataka kutoka. Mlango ukanikatalia, unajua ulivyo, nikabaki.

Alisikiliza amefumba macho. Ilipofika "Subiri, tuanze upya" akatabasamu. Wimbo ukaisha, macho hayakufunguka. Tukangoja. Masikio akamgusa bega, akashtuka! Shangazi, alikuwa amelala. Nyota, kwenye kiti cha plastiki, na joto lile.

Akajipangusa uso, akamwambia mkurugenzi: "Mimi nimeuimba ili nisikilizwe. Huyu ameuimba ili mtoto alale. Acheni wake, na msiguse hata kikohozi. Mimi nipeni ule wa kinyonga, nimeutamani tangu mwanzo mkaninyima." Siku hiyo hiyo akauimba wa kinyonga, akizunguka chumba kizima, kandambili moja ikaruka ikampata mkurugenzi. Mtu mkubwa namna hiyo, na hakuna alichopungukiwa kwa kunipisha. Nikiwa mzee nataka kuwa hivyo.

Kwa hiyo sauti imebaki. Kikohozi kimo, "Subiri, tuanze upya" imo, na ukisikiliza sana, pikipiki nayo imo kwa mbali. Jina langu litaandikwa. Mkurugenzi ametununulia na mlango mpya, wa kiwandani, unafunga kimya kama friji, basi hiyo ndiyo pikipiki yetu ya mwisho.

Umesema anajua. Basi tafadhali usimwambie kwamba mimi najua kwamba anajua.

Swali moja tu. Ile bawaba, aliirudisha?

Mwanao.


9 Juni

Mwanangu,

Bawaba ameirudisha. Salamu leo zitakuja nyuma, maana hili ndilo uliloliuliza na ni mara ya kwanza kuuliza.

Alirudi siku niliyoiweka tena sauti yako. Sikumwita. Nilifungua dirisha la upande wa karakana yake nikapandisha sauti, basi. Alikuja na vumbi la mbao kwenye nyusi, akapachika bawaba, akaendelea kusimama.

Jana albamu imefika, jalada lote, Miba amekaa katikati ya marafiki zake wamemwekea nafasi kidogo ili wasichomwe. Nikampa. Akavaa miwani, akapitisha kidole mstari kwa mstari mpaka kwenye wimbo wa mwisho. Kidole kikakaa hapo. Nikaona nisipomwambia leo nitakufa nalo. Hukunikataza kila kitu, ulinikataza moja. Nikasema: "Kaka, uliwahi kusema mezani kwamba sauti ya huyu mtoto ni ya kumlaza mtu. Ulisema kweli tupu. Ulikosea kudhani ni kasoro. Hapa wanalala watoto ishirini na wanane, amelala nyota wa redio akiwa amekaa, na wewe mwenyewe wiki iliyopita umekoroma umeegemea fremu yangu, bisibisi imekuponyoka mkononi, nikawazuia wasaidizi wasicheke."

Mtoto mmoja akaja akamvuta suruali, anataka maji, akampa maji. Kisha akasema, "Chukua kalamu. Andika nitakachosema."

Nikakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti kidevuni, kwa sababu hakikuwepo kingine karibu, naye anatembea huku na huku mbele ya mlango wa chumba cha kulala. "Mwambie chuo bado kinapokea... Hapana, futa." Nikafuta. "Mwambie siku ile nilikuwa na njaa." Nikamwangalia. "Futa," akasema. "Mwambie kwamba mzazi akiona mtoto wake..." Hapo akasimama. Akakohoa. Nikamuuliza, niandike nini sasa? Akainua kidole, sidhani hata alijua amekiinua, akasema, "Subiri. Tuanze upya."

Na kule ndani, watoto tuliodhani wamelala wakaitikia wote kwa pamoja.

Nilicheka mpaka goti likakumbuka kuuma. Yeye alitoka nje kuangalia kitu barabarani. Barabarani hapakuwa na kitu. Alikaa huko kwa muda, akarudi macho mekundu, akasema vumbi la mbao ni baya mwaka huu. Karatasi ile hakuigusa tena. Akaanza kuniuliza habari nyingine kabisa. Ule mlango wa studio, ni mbao nzima au plaiwudi? Unafungukia ndani au nje? Fremu yake imechimbiwa ukutani au imegongewa tu? Nikamjibu kwamba sijui, mimi si fundi. Akasema, "Haiwezekani mtoto arekodi kwenye chumba chenye mlango wa namna hiyo."

Amekata tiketi ya basi la Alhamisi. Amefungasha randa, patasi, bawaba za shaba alizokuwa anamwekea mteja mkubwa, na ubao mmoja mzuri aliosema ameuhifadhi bila kujua ni wa nini. Shati amepiga pasi mwenyewe. Barua hii inatangulia na basi la kesho asubuhi, nimemwahidi dereva keki akiifikisha mapema.

Salamu sasa. Sisi wazima. Mlinzi anakusalimu, ingawa amelala. Msaidizi mchumba ameomba wimbo wako upigwe kwenye harusi yake, nimemwambia wageni watalala, anasema ndivyo anavyotaka, ndugu za mwenzake wanaongea sana.

Sasa nisikilize vizuri. Kwamba mmeshaweka mlango mpya wa kiwandani, unaofunga kimya kama friji, nilikusoma. Yeye sikumsomea. Mweleze Masikio. Tafuteni bisibisi, na Alhamisi, basi halijaingia, mlango huo uwe umepinda.

Na yeye, nikukumbushe tu, ameniaga.

Shangazi yako.